Stefan Zweig na lawama ya ukimya

Septemba 1942, miezi saba baada ya Stefan Zweig, mwandishi Myahudi wa Austria, kujiua huko Petrópolis, Brazili, mwandishi wa riwaya wa Kijerumani Thomas Mann alimwandikia barua Friderike, mke wa kwanza wa marehemu. Hakumung'unya maneno. Zweig, alisema, hakupaswa kuwapa Wanazi ushindi ule. Laiti angewachukia na kuwadharau kwa nguvu zaidi, asingefanya alichokifanya. Mwaka uliofuata ikaja zamu ya mwanafalsafa Hannah Arendt, naye mkimbizi wa Kiyahudi, wakati huo akiishi New York. Aliandika mapitio ya kumbukumbu za Zweig zilizotoka baada ya kifo chake na hakumwachia hata pa kujificha. Kwa maoni yake, huyu alikuwa mtu aliyeishi ndani ya ngome ya umaarufu, akaiona siasa kuwa kazi ya watu wengine, na ngome ilipovunjwa akaona fedheha mahali ambapo alipaswa kuona sababu ya kupigana.

Lawama hiyo haijawahi kulala. Mwaka 2010 mshairi na mfasiri Michael Hofmann aliirudia katika jarida la London Review of Books kwa ukali ambao haujasahaulika, hata akamwita Zweig Pepsi ya fasihi ya Austria. (Tusi hilo halina makali sana kwa msomaji wa Dar es Salaam, ambako Pepsi hunywewa kwa raha zote, lakini London walilielewa.) Ukisoma waandishi wote hawa kwa mpigo utaona kitu kimoja kinajirudia: hawalalamikii hasa alichokiandika. Wanalalamikia ambacho hakukisema, na siku ambazo hakukisema.

Nimeisoma kesi hii kwa pande zote mbili, na naona washtaki wana haki katika sehemu moja kubwa, ambayo nitaifikia. Katika mengine wanampima mtu kwa kipimo ambacho wenyewe hawakujipimia.

Kwa asiyemjua, kwa ufupi tu. Zweig alizaliwa Vienna tarehe 28 Novemba 1881, katika familia ya Kiyahudi yenye kiwanda cha nguo. Alipata udaktari mwaka 1904, akahamia Salzburg 1919, na kati ya vita viwili vya dunia akawa mmoja wa waandishi waliotafsiriwa zaidi duniani, kwa hadithi zake fupi na kwa wasifu wa watu kama Fouché, Marie Antoinette na Erasmus. Mei 1933 vitabu vyake vilichomwa moto Ujerumani. Februari 1934 polisi wa Austria waliingia nyumbani kwake kupekua silaha, nyumba ya mtu aliyekuwa akikusanya miswada ya Mozart na aliyekuwa na meza ya kuandikia ya Beethoven. Siku chache baadaye alipanda treni kwenda London. Tuliangalie hilo vizuri, maana linapuuzwa: wakati huo Hitler alikuwa bado hajaingia Austria. Angeingia miaka 4 baadaye, Machi 1938. Wenye busara wengi wa Vienna walimcheka Zweig kwa kukimbia mapema. Mtu anayeitwa kipofu wa siasa aliiona hatari kabla ya wanasiasa.

Sasa mashtaka. La kwanza ni la 1933, na linauma. Klaus Mann, mtoto wa Thomas, alikuwa ameanzisha Amsterdam jarida la waandishi waliokimbia Ujerumani, Die Sammlung. Zweig alikuwa ameahidi kuchangia. Toleo la kwanza lilipotoka Septemba likiwa na siasa wazi dhidi ya Wanazi, mchapishaji wake wa Leipzig, Insel, aliingiwa na hofu, na Zweig akaandika barua ya faragha kujitenga na jarida. Barua hiyo ikachapishwa katika gazeti la wafanyabiashara wa vitabu la Ujerumani. Wanazi walishangilia. Wakimbizi walihisi wamepigwa kisu mgongoni na mtu mwenye jina kubwa kuliko wengi wao.

La pili ni la Septemba 1936, Buenos Aires, kwenye mkutano wa chama cha kimataifa cha waandishi, PEN. Dunia nzima ya waandishi ilikuwa pale, na ilimsubiri Zweig atamke neno juu ya mateso ya Wayahudi wa Ujerumani. Emil Ludwig alisimama akasema. Zweig alikaa. Gazeti moja lilichapisha picha yake akiwa ameuficha uso kwa viganja, na maelezo chini ya picha yakasema analia. Alimwandikia Friderike kwa hasira: hakuwa analia, alikuwa anajificha asipigwe picha, na ndiyo kwanza wakampiga akiwa katika hali ile ile. Kisa hicho kidogo kinamweleza vizuri kuliko kurasa nyingi za wasifu. Alichukia kugeuzwa maonyesho, hata maonyesho ya huzuni iliyokuwa ya kweli.

Je, huo ni woga? Arendt alisema ni zaidi ya woga, ni kiburi cha mtu aliyezoea kuheshimiwa. Na tumpe haki yake: Arendt hakusema hayo akiwa amekaa kwenye kochi. Alikamatwa Berlin 1933, akakimbilia Paris, akafungwa katika kambi ya Gurs mwaka 1940, akafika New York Mei 1941 bila uraia wa nchi yoyote. Aliyepita njia hiyo ana ruhusa ya kuwa mkali.

Mann je? Hapa ndipo kesi inapoanza kuvuja. Kile alichofanya Zweig mwaka 1933, kujitenga na jarida la Klaus ili vitabu viendelee kuuzwa Ujerumani, Thomas Mann alikifanya pia, mwezi ule ule, dhidi ya mtoto wake wa kumzaa. Waandishi Alfred Döblin na René Schickele nao walifanya hivyo. Mann aliishi Uswisi kwa miaka mitatu bila kutamka hadharani kwamba yuko upande wa waliokimbia, na alivunja ukimya Februari 1936 tu, kwa barua ya wazi katika gazeti la Zürich. Nani leo anamkumbuka Mann kwa ukimya wa miaka ile mitatu? Hakuna, kwa sababu baadaye alisema, na alisema kwa sauti kubwa, redioni, kwa miaka. Sawa. Lakini basi tofauti kati yao ni ya muda na tabia. Si tofauti ya mtu safi na mtu mchafu.

Halafu kuna 1914, ambayo washtaki wengi huiruka. Vita vya Kwanza vilipoanza, Zweig hakukaa kimya hata kidogo. Alikuwa na miaka 32. Septemba mwaka huo alichapisha katika gazeti la Berlin barua kwa marafiki zake wa nchi za kigeni, akiwaaga kwa muda wote wa vita, kwa kuwa sasa yeye ni mtu wa upande wake. Romain Rolland, mwandishi Mfaransa aliyekuwa Uswisi, alimjibu kwamba yeye anabaki mwaminifu kwa Ulaya na hamwagi rafiki yeyote. Zweig akapelekwa kufanya kazi katika kitengo cha kumbukumbu za vita Vienna, ambako waandishi walikuwa wakizipaka rangi habari za mashujaa ili raia wasome na kuchangamka. Ilimchukua miaka kutoka humo. Mwaka 1917 alikwenda Zürich na tamthilia yake ya kupinga vita, Jeremias, na tangu siku hiyo hakuamini tena kalamu inayopiga tarumbeta.

Ukilijua hilo, ukimya wa Buenos Aires unasomeka kwa namna nyingine. Huyu hakuwa mtu ambaye hajawahi kupaza sauti. Aliwahi kuipaza, kwa upande mbaya, akakuta sauti yake imegeuzwa risasi. Kosa lake kubwa katika jambo hili liko kwingine: katika kumbukumbu zake aliifuta sehemu hiyo. Anajieleza kama mtu aliyekuwa mtulivu tangu siku ya kwanza ya vita, wakati gazeti la Berlin linaonyesha vingine. Laiti angesimulia ukweli huo, angekuwa amejitetea vizuri kuliko ninavyomtetea mimi.

Tena ukimya wake haukuwa wa kukubali kila kitu. Richard Strauss, mtunzi mkubwa wa muziki Ujerumani na wakati ule rais wa baraza la muziki la Wanazi, alikuwa ametunga opera kwa maneno ya Zweig. Ilizinduliwa Dresden tarehe 24 Juni 1935. Strauss alipoona jina la Zweig limeondolewa kwenye bango alishinikiza lirudishwe, na baada ya maonyesho machache opera ikapigwa marufuku. Strauss alitaka waendelee kufanya kazi kwa siri, mikataba ikifichwa mpaka mambo yatulie. Fikiria ofa hiyo inatoka kwa nani na ina fedha kiasi gani ndani yake. Zweig alikataa. Hakutaka kula kwa mlango wa nyuma wakati ndugu zake wanafukuzwa kwa mlango wa mbele. Strauss akamwandikia barua ya hasira iliyomlaumu kwa ukaidi wa Kiyahudi. Polisi wa siri waliinasa, na kwa sababu ndani yake Strauss alikuwa ameudharau utawala wenyewe, akapoteza cheo. Wanaosema Zweig hakuwahi kusema hapana wanasahau kwamba aliisema kwa mtu ambaye ilikuwa vigumu kumwambia, na hakuitisha waandishi wa habari.

Shahidi ninayemwamini zaidi ni Joseph Roth, kwa sababu alimlaumu Zweig na kula mezani kwake kwa wakati mmoja. Roth alikuwa Myahudi wa Galisia, mwandishi mkubwa kuliko Zweig kwa maoni ya wengi (nami sibishani nao), aliyeondoka Berlin siku ile ile Hitler alipopewa ukansela, akaishi hotelini Paris akiandika na kunywa mpaka mwili ukashindwa. Mwishoni mwa 1933 alimwandikia Zweig barua ya kumtaka achague: aachane na Ujerumani ya Hitler au aachane na yeye. Zweig alijibu kwa upole, na mwaka uliofuata aliondoka Insel. Bili za Roth aliendelea kuzilipa kwa miaka. Roth alikufa Mei 1939, na Zweig akamwandikia risala ya kumbukumbu isiyo na kinyongo hata chembe. Hakuwa Roth peke yake. Kadiri miaka ilivyosonga ndivyo barua za maombi zilivyoongezeka: mmoja anataka mdhamini wa viza, mwingine nauli, mwingine barua ya utambulisho kwa mchapishaji wa Amerika. Kazi hii haionekani kwenye majukwaa ya mikutano. Ilimchosha kuliko hotuba yoyote ingalivyomchosha.

Na alisema, mwishowe. Mei 1941, kwenye karamu ya PEN mjini New York, alisimama kuzungumza kama mwandishi wa Kijerumani, akaomba radhi kwa maovu yanayotendwa kwa jina la utamaduni wa lugha anayoiandika. Alisema hayo akiwa yeye mwenyewe ni mtu aliyefukuzwa na maovu hayo. Unaweza kuona unyonge katika kuomba radhi kwa niaba ya anayekutesa. Mimi naona heshima.

Ila sehemu ya maisha yake ninayoirudia mara nyingi kuliko zote ni ya makaratasi. Katika kumbukumbu zake, Die Welt von Gestern, Zweig anasimulia kwamba kabla ya 1914 alisafiri hadi India na Amerika bila pasipoti, na kwamba vijana aliowasimulia hilo hawakumwamini. Ukipanda meli unapanda, ukishuka unashuka, hakuna anayekuuliza. Kisha anaeleza siku Austria ilipomezwa na Ujerumani na pasipoti yake ikageuka karatasi tupu. Ilimbidi aende kwenye ofisi ya Waingereza kuomba hati ya mtu asiye na nchi. Anasema tofauti aliihisi papo hapo: jana alikuwa mgeni mwenye haki zake, leo kila mhuri ni hisani, na hisani inaweza kuondolewa wakati wowote. Akamkumbuka Mrusi mmoja mkimbizi aliyemwambia miaka ya nyuma kwamba zamani mtu alikuwa na mwili na roho tu, sasa anahitaji na pasipoti, la sivyo hatendewi kama binadamu.

Septemba 1939 mambo yakawa ya kejeli tupu. Zweig na Lotte Altmann, aliyekuwa katibu wake, walikuwa wamehamia Bath. Katika simulizi yake mwenyewe, walikuwa kwenye ofisi ya msajili kupanga ndoa yao wakati ofisa mwingine alipoingia mbio na habari kwamba Wajerumani wameingia Polandi. Siku chache baadaye Uingereza ikawa vitani, na mtu ambaye vitabu vyake vilichomwa na Hitler akaandikishwa kuwa mgeni kutoka nchi ya adui. Kusafiri zaidi ya maili 5 kutoka nyumbani kulihitaji kibali cha polisi. Mwezi huo huo alikwenda London kuzungumza kwenye mazishi ya rafiki yake Sigmund Freud, mkimbizi mwenzake, mbele ya waombolezaji ambao wengi wao walikuwa wamebeba makaratasi ya aina ile ile.

Hapo msomaji wa Afrika Mashariki anasimama kidogo. Maili 5 na kibali cha polisi? Hadithi hii tunaijua, na haikuanzia Bath. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ya Kenya ilipitisha sheria ya kuandikisha Waafrika, na vita vilipokwisha ikaanza kutekelezwa: kila mwanamume wa Kiafrika kuanzia miaka 16 abebe kipande, chenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri na mshahara, ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Kuacha kazi bila mwajiri kutia saini kulikuwa kosa la jinai. Harry Thuku alipopinga kipande pamoja na kodi, alikamatwa Machi 1922, watu wakapigwa risasi nje ya kituo cha polisi Nairobi, na yeye akapelekwa uhamishoni Kismayu. Ilikuwa Uingereza ile ile iliyompa Zweig uraia Machi 1940.

Ile dunia isiyo na pasipoti ambayo Zweig anaililia ilikuwa dunia ya nani, basi? Alipokuwa akizuru India mwaka 1908 na 1909, Maji Maji ilikuwa imezimwa juzi tu kwa moto na njaa kusini mwa Tanganyika ya Wajerumani. Uhuru wa kupanda meli bila kuulizwa ulikuwa uhuru wa Mzungu mwenye nauli. Wengine wote walikuwa tayari wanahesabiwa, wanaandikishwa, wanawekewa mipaka. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Zweig aliutambua uchungu wa mkuki ulipogusa ngozi ya Ulaya, na kitabu chake hakionyeshi kwamba alijiuliza ulikuwa unatumika wapi kabla ya hapo.

Ningeweza kumhukumu kwa hilo na kufunga kitabu. Siwezi, kwa sababu kurasa zile ni ushahidi mzuri mno. Wakoloni waliotunga kipande hawakuandika mtu anajisikiaje akikibeba, na waliokibeba mara nyingi hawakupewa kalamu. Zweig anaandika kwa undani kabisa kinachotokea ndani ya mtu anapoanza kuishi kwa makaratasi ya kuazima: anasema tangu siku hiyo hakujihisi tena kuwa mali yake mwenyewe kikamilifu. Muulize yeyote aliyepanga foleni ya kibali cha ukimbizi Kigoma au Kakuma kama maneno hayo ni ya mtu aliyekaa ndani ya ngome. Arendt mwenyewe, katika kitabu chake kikubwa cha 1951, alijenga hoja nzima kwamba anayepoteza uraia hupoteza kwanza haki ya kuwa na haki. Ni hoja nzito kuliko chochote Zweig alichowahi kukiandika juu ya siasa. Lakini Mrusi yule wa pasipoti alikuwa ameshaisema, na Zweig ndiye aliyeihifadhi kauli yake, katika kitabu kile kile alichokichana Arendt.

Kuna swali lingine linaloulizwa kwa kebehi: alikuwa tayari Mwingereza, ana nyumba na bustani, kwa nini alikimbia tena katikati ya 1940? Ufaransa ilikuwa inaanguka na wengi walitarajia Wajerumani wavuke bahari. Baada ya vita ilipatikana orodha ya kikosi cha usalama cha Wanazi, yenye majina yapata 2,800 ya watu wa kukamatwa mara Uingereza itakapotekwa. Jina la Stefan Zweig limo, pamoja na anwani yake ya London. Aliyemwita mwoga hakuwa na jina lake kwenye karatasi hiyo.

Brazili ndiyo sehemu ambayo siwezi kuwapinga washtaki. Zweig aliifika mara ya kwanza 1936, akapokewa kama mfalme, akaipenda. Mwaka 1941 alitoa kitabu cha kuisifu kuwa nchi ya siku zijazo, ambako watu wa rangi zote wanaishi kwa amani na Ulaya ingepaswa kwenda kujifunza. Nchi hiyo ilikuwa chini ya udikteta wa Getúlio Vargas tangu 1937. Magazeti yalikuwa yanachujwa. Mwaka 1936 serikali ya Vargas ilimkabidhi Olga Benário, mkomunisti wa Kiyahudi na mjamzito, kwa Ujerumani ya Hitler, na mwaka 1937 ilitoa waraka wa siri wa kuzuia viza za Wayahudi. Zweig alipata kibali cha kuishi cha kudumu katika nchi hiyo hiyo. Waandishi wa Rio walinong'ona kwamba amelipwa. Ushahidi wa malipo haupo, lakini Alberto Dines, mwandishi wa Kibrazili aliyechunguza maisha yake kwa miaka mingi, aliona kwamba kulikuwa na mabadilishano: viza kwa kitabu. Hata kama hapakuwa na makubaliano, kitabu kina tatizo lake. Brazili ilifuta utumwa 1888, ya mwisho katika Amerika yote, na wajukuu wa watumwa walikuwa pale mbele ya macho yake, juu ya vilima vya Rio, katika umaskini. Aliwaona akawaelezea kama sehemu ya mandhari nzuri. Mkimbizi wa ubaguzi alipaswa kuwa wa kwanza kuunusa. Naelewa kwa nini hakuunusa. Mtu aliyechoka akipewa kiti hakagui misumari. Kuelewa siko kusamehe, na Wabrazili weusi hawakuwahi kuombwa radhi katika hotuba yoyote.

Kuhusu kifo chenyewe, washtaki na watetezi wamekosea kwa pamoja. Mann alikiona kuwa ushindi wa adui, mashabiki wamekifanya kuwa ishara ya mwisho wa Ulaya, na barua ya kuaga, yenye shukrani kwa Brazili na maneno juu ya mtu wa miaka 60 kukosa nguvu za kuanza upya, imechapishwa mara nyingi kana kwamba ni hekima. Mimi naisoma kama barua ya mgonjwa. Zweig aliandika kwa miaka mingi, muda mrefu kabla ya Hitler, juu ya vipindi vya giza vilivyomshika bila sababu ya nje. Petrópolis alikuwa mbali na maktaba yake, mbali na marafiki, akifuata habari mbaya redioni. Katikati ya Februari 1942 Singapore ilianguka huku Rio ikicheza karnivali. Jioni ya Jumamosi tarehe 21 alikuwa bado anacheza sataranji na jirani yake Ernst Feder, mhariri wa zamani wa Berlin. Hapo palihitajika daktari na mtu wa kukaa naye. Vita vilibadilika kabla ya mwaka ule kwisha, na wakimbizi wengi waliokuwa wamekata tamaa kama yeye waliishi kuona 1945.

Wasomaji wamemrudia. Nyumba ndogo ya Petrópolis sasa ni makumbusho, Ufaransa haikuwahi kuacha kumsoma, na tafsiri mpya za Kiingereza zimemtoa kwenye usahaulifu. Vijana wanaomsoma leo hawamuulizi kwa nini hakuhutubia Buenos Aires. Wengi wanaingilia ukurasa wa pasipoti, na nadhani wanaingilia mlango sahihi.

Amebaki Lotte. Alizaliwa Katowice 1908, alilazimika kuacha chuo kikuu Frankfurt mwaka 1933 kwa sababu ya Uyahudi, akaajiriwa na Zweig London 1934. Alikuwa na pumu iliyomnyima usingizi. Kiangazi cha 1941, huko Ossining karibu na New York, ndiye aliyepiga chapa kumbukumbu za mumewe ukurasa kwa ukurasa. Alikufa pamoja naye, akiwa na miaka 33 na jamaa waliokuwa wakimsubiri Uingereza. Mann hakumuuliza Zweig juu yake, wala Arendt, wala wengi wa wanaomtetea. Kwa miongo mingi alitajwa kama katibu tu, kivuli kilichomfuata bosi. Barua zake kutoka Amerika Kusini zilichapishwa mwaka 2010, na humo anaandika juu ya mpishi, masomo ya Kireno, bei za vitu, na wasiwasi kwa ndugu zake walio chini ya mabomu, kwa sauti ya mtu mzima mwenye akili zake. Katika kitabu alichokipiga chapa kwa mikono yake, jina lake halimo. Katika hili sina utetezi wa kumpa Zweig.